Mama Marvin Wawili

Kawangware,
10 Mei 1994

Baba mpendwa,

Kifua kinaendeleaje? Kageha alipopita na mitumba yake ameniambia bado unakohoa asubuhi. Tafadhali funga kitambaa puani unapopiga randa. Mimi mwili ni mzima.

Najua utauliza kwa nini naandika, na kutoka hapa hadi Kibera ni mwendo wa saa moja kwa miguu. Unanijua. Nilipokuwa mdogo, nikikosa, niliandika karatasi nikaitia kwenye mkebe wako wa misumari. Hii nayo ni karatasi ya mkebe, ila safari hii Kageha ataileta pamoja na mitumba yake.

Jumanne ya wiki jana wanawake wawili walikuja kliniki kupimwa sukari. Kazi yangu ni kuandika jina kitabuni na kwenye karatasi inayobandikwa chupa ya damu. Wa kwanza ni wa makamo, wa pili ni mwembamba na alikuwa na mtoto mgongoni. Wewe na marehemu mama mlinilea nisimwulize mtu mzima jina lake. Kwa hiyo nilimwuliza yule wa kwanza, "Wewe ni mama nani?" Akasema Mama Marvin, nikaandika hivyo. Nusu saa baadaye wa pili naye akawa Mama Marvin. Nilitabasamu, Baba, nikaandika hivyo hivyo. Chupa mbili zikaenda maabara zikiwa na jina moja.

Majibu yakarudi: mmoja ana sukari nyingi, mwingine hana neno. Niliyapanga mimi kwenye faili. Yule mwembamba akapewa vidonge, yule wa makamo akaambiwa aende nyumbani kwa amani.

Jana mwembamba alirudi akitetemeka, jasho linamtoka. Daktari Muema akamwambia mwili unazoea dawa, aendelee. Hapo ndipo nikakumbuka jinsi yule wa makamo alivyokunywa maji pale kwenye benchi, kikombe baada ya kikombe. Nadhani nilibadilisha majibu yao. Mgonjwa ameambiwa ni mzima, na mzima anameza dawa inayoweza kumwangusha.

Nikisema nitafukuzwa. Nisiposema, sijui. Je, uliwahi kuharibu kazi, na mwenye kazi asijue?

Binti yako,
Mercyline


Kibera,
11 Mei 1994

Kwako Mama Nasipwondi,

Salamu zako nimezipokea. Kifua kipo, hakijanishinda. Kitambaa nimefunga tangu asubuhi, na majirani wanauliza ni benki gani naenda kuvamia.

Nimesoma karatasi yako mara tatu. Kwanza nijilaumu mimi. Nilikupa jina la mama yangu, Nasipwondi, na mpaka leo nakuita mama kwa sababu yake. Nilikufundisha majina ya wakubwa hayachezewi. Sikukufundisha kwamba kuna mahali heshima ni kuuliza.

Sasa jibu la swali lako. Ndiyo.

Unamkumbuka Opondo, yule mpaka rangi wa karibu na Nyayo Highrise. Miaka minne iliyopita nilimtengenezea ngazi. Kipago kimoja cha kukanyagia kilikuwa na fundo lenye ufa. Nililiona. Mbao zilikuwa zimeniishia na yeye alikuwa amesimama hapo akingoja, tukipiga hadithi. Nikaziba ufa kwa gundi na unga wa mbao, nikapaka rangi ya kijani juu. Ulikuwa shuleni alipoanguka akavunjika nyonga. Wewe uliambiwa aliteleza.

Kila Jumapili nampelekea maziwa. Ananishukuru, ananiita fundi wangu. Miaka minne, mama, nakaa kwenye kiti chake nikisikia neno hilo.

Ngazi yangu ilishaanguka. Yako bado imesimama na watu wawili wako juu yake. Nenda kwa daktari leo, usingoje kesho. Ukifukuzwa, kitanda chako kiko palepale, na hicho nilikitengeneza vizuri.

Baba yako


Kawangware,
12 Mei 1994

Baba,

Naandika upesi, Kageha anafunga mzigo wake. Natumai umelala vizuri kuliko mimi.

Nimemwambia. Daktari hakupiga kelele. Alifunga mlango akaniambia atawaita mwenyewe, polepole, waje kupimwa upya, bila kutaja kosa. Nikamwuliza atawaitaje, maana kitabu hakina anwani wala jina, kuna Mama Marvin tu. Akakisukuma kitabu kando. Kisha akasema, "Mercyline, kliniki hii ni jina langu. Ukienda kulitembeza mitaani, Jumatatu usirudi."

Ninachokumbuka ni kwamba mwembamba alitaja ploti ya vyumba vya kupanga iliyo nyuma ya stage ya matatu namba 56, na yule mwingine alisema ametoka Riruta. Sitangoja Jumamosi. Nikitoka kazini leo naanza kugonga milango.

Naogopa sana. Lile la Opondo limenilaza macho wazi.

Binti yako


Kibera,
18 Mei 1994

Mama,

Hujambo huko uliko? Nauliza kweli, si kwa desturi.

Siku sita sijapata neno. Kageha anasema alipita kliniki akakuta msichana mwingine dirishani, na huyo hakujua lolote. Chumba chako kina kufuli. Jana nilitembea hadi Kawangware nikauliza kwenye saluni na kwenye duka la hardware, nikarudi na vumbi tu.

Kama walikufukuza, sina neno. Kama mmoja wa wale wanawake amepatwa na baya, pia njoo, tutakaa nalo pamoja. Usikae nalo peke yako kama nilivyokaa na langu.

Jumapili nilikwenda kwa Opondo. Niliacha maziwa mlangoni nikarudi. Sikuweza kuingia.

Baba yako


Kawangware,
19 Mei 1994

Baba mpendwa,

Nisamehe kwa kukutembeza. Kageha amenikuta njiani na karatasi yako. Niko mzima. Nimekuwa nikilala kwa Mama Marvin, yule mwembamba, na hivi sasa naandikia kwenye meza yake.

Nilimpata Alhamisi ile ile, jioni. Nilikuta ameanguka kando ya jiko, mtoto analia. Nilimpa maji ya sukari kijiko kwa kijiko mpaka akafumbua macho, nikachukua vidonge vyote. Kisha nikamweleza. Nilimwambia, "Nisamehe mama, jina lako mwenyewe ni nani?" Akasema ni Filister Aketch, na kwamba tangu aolewe hakuna aliyemwuliza. Hakunifukuza. Alisema kwa kuwa nimemwangusha mimi, nibaki nimpikie. Nimepika siku saba. Ugali wangu anausema vibaya kwa kila jirani.

Yule wa Riruta ilinichukua hadi Jumatatu, na Riruta ina akina Mama Marvin watano. Anaitwa Wangoi. Huyo alikasirika, na ana haki. Alisema, "Kwa hiyo chai yote ile ya sukari nimekunywa kwa ruhusa yako." Mguu una kidonda ambacho hakiponi. Nilimpeleka hospitali ya serikali, nikamwandikisha mwenyewe dirishani: jina lake, la babake, umri, mtaa. Karani wa pale aliniambia namchelewesha. Amelazwa. Wanasema mguu huenda ukapona, hawajaahidi.

Kazi imekwisha. Daktari alinitumia nguo zangu nilizoacha kliniki, zimefungwa kwenye karatasi. Sikuja nyumbani kwa sababu niliona haya kuja mikono mitupu.

Na wewe, Baba? Maziwa umeacha mlangoni. Je, utaingia lini?

Binti yako


Kibera,
22 Mei 1994

Kwako Mama Nasipwondi,

Msalimie Filister, mwambie ugali huo alikufundisha babako. Mwombee na Wangoi. Kesho kutwa twende wote wawili tukamwone.

Leo niliingia. Opondo alikuwa amekaa kitandani, mkongojo ukutani. Nilisema yote nikiwa nimesimama: fundo, ufa, gundi, rangi ya kijani. Nilipomaliza aliniambia niende, nikaanza kwenda.

Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita. Hakusema fundi wangu. Alisema jina langu, "Wepukhulu." Nikageuka. Alikuwa analia, mama, na mimi pia. Akasema, "Jumapili usilete maziwa. Siyataki tena." Kisha akaongeza, "Njoo tu."

Sijui maana yake yote. Nitakwenda.

Nimerudi nikamaliza ngazi ya kanisa. Sikuipaka rangi. Mnunuzi alipouliza kwa nini iko hivi hivi, nilimwambia apitishe mkono kipago kwa kipago, aone mbao mwenyewe.

Kufuli la mlango wa hapa nyumbani nimelitoa. Njoo na mikono yako hiyo mitupu.

Baba yako