Kamba Zilizotolewa Zikiwa Nzima

Tata,

Nakuandikia nikiwa nyumbani, Kerende, kwenye meza ya jikoni, na yule kuku wako mwekundu anapita chini ya miguu yangu kana kwamba nyumba ni yake. Ng'ombe mwenye pembe moja amezaa, ndama jike. Mahindi ya juu yametoka vizuri, ya chini kiboko amepita. Naanza na habari hizi kwa sababu ndizo ungeziuliza kwanza, na kwa sababu jambo lenyewe nililotaka kukuambia ni gumu kulianza.

Baba yangu, nilikosea hesabu. Ile niliyoisoma mwaka jana mbele ya mkutano wa kijiji, iliyofanya pantoni yako ifungwe, haikuwa sahihi. Kosa lilikuwa langu, si lako wala si la mto.

Ngoja nieleze taratibu, maana kazi yangu hukuwahi kuielewa vizuri, au ulijifanya huielewi. Ulikuwa ukiwaambia watu, "Binti yangu yuko Dar es Salaam anapiga ramli ya meli." Mimi nanuna, wewe unacheka mpaka unakohoa. Sipigi ramli, Tata. Ofisini wanatuletea kumbukumbu za meli za mizigo na za mitambo ya gesi iliyosimamishwa baharini: mnyororo wa nanga ulifungwa lini, ulikatika lini, pampu ilidumu muda gani. Kutokana na hizo tunakadiria kifaa kina nafasi gani ya kuharibika kabla safari haijaisha, na waliomo ndani wako kwenye hatari kiasi gani. Ukifikiria, ni kazi yako ile ile. Wewe uliifanya kwa kiganja. Kila asubuhi, kabla abiria wa kwanza hajafika, ulisimama juu ya zile mbao zako zilizofungwa kwenye mapipa, ukaipitisha kamba mkononi kutoka nguzo ya huku Tarime hadi ile ya Serengeti, macho umefumba. Ukifika mahali nyuzi zimeanza kunyanyuka unasimama hapo muda mrefu, na mtu asikusemeshe.

Mtendaji wa kata alipotaka ushahidi kwamba pantoni ni salama, hukutafuta mtu mwingine. Ulinipigia simu wewe mwenyewe, ukasema anayepima meli hawezi kushindwa na mapipa. Nikaomba likizo, nikaja na kompyuta yangu. Ukanipa daftari lako, lile ulilolivalisha jalada la mfuko wa mbolea, ukanipa kwa mikono miwili kama vile unampa mgeni maji ya kunawa. Kila mstari ulikuwa na tarehe na maneno mawili tu: kamba mpya.

Niliziingiza tarehe zote kwa nusu saa. Kila ulipoandika kamba mpya, mimi nikahesabu kwamba ya zamani ilikatika. Sikukuuliza. Ulikuwa umekaa hapo nje unamenya viazi vitamu kwa ajili yangu, hatua kumi hivi, na sikunyanyua kichwa kukuuliza. Hesabu ikatoka mbaya sana: kamba zinazodumu miezi michache, nyingine wiki tu, bila mpangilio wowote. Kwa kazi yetu hiyo ndiyo dalili ya kuogopesha kuliko zote, kifaa ambacho hujui kitakuangusha lini.

Nikasimama mbele ya mkutano, na suruali yangu ya mjini, nikasema kamba hii itakatika watu wakiwa juu yake na mto una mamba. Watu wote wakageuka kukutazama. Ulivua kofia, ukasema, "Kama mtoto amesema, basi." Kesho yake wewe na Marwa, mwenzako wa kuvuta kamba miaka yote hiyo, mkaifungua kutoka kwenye nguzo. Mimi nikapanda basi la kurudi Dar nikijiona nimeokoa roho za watu.

Watu hawakuacha kuvuka. Hilo sikulipigia hesabu kabisa. Wenye nafasi walizunguka darajani, wengine wakapanda mitumbwi ya kuchonga, na mmoja ukapinduka na akina mama waliokuwa wanatoka sokoni. Waliokolewa wote, namshukuru Mungu, lakini ningewaua kwa hesabu yangu na nisingejua.

Halafu kifua chako kikakubana, ukalazwa Mugumu, ng'ambo. Ulipofariki tulikuleta nyumbani kwa kuzunguka darajani, jeneza nyuma ya pikapu, mvua inanyesha. Tulipofika kwenye ule mwinuko niliiona nguzo yako upande wa pili wa mto, na moshi wa nyumbani nyuma yake. Pantoni ingekufikisha kabla chai haijapoa. Sisi tulikuwa bado na safari ya kusukuma gari kwenye tope hadi jioni. Marwa alikuwa amekaa karibu na jeneza, amelishika ubavuni njia nzima.

Siku ya tatu baada ya kukuzika nilichukua daftari. Nilitaka tu kuona mwandiko wako. Nikasoma mstari wa kwanza, na ile ndiyo tarehe tuliyomzika mama. Nilikuwa darasa la sita, nilivuka naye siku hiyo nimeshika upindo wa shati lako. Na mwaka jana niliichapa tarehe hiyo kwa vidole vyangu, nikaenda kwenye inayofuata.

Nilimfuata Marwa zizini kwake. Alilichukua daftari, akashusha kidole mstari kwa mstari. Huyu ni yule mwalimu. Huyu mtoto wa Nyangi. Hawa ni wale mapacha, tuliwavusha siku moja. Mistari miwili tu haikuwa na marehemu, hizo ni kamba ulizozitoa kabla ya masika kwa sababu zilianza kuchakaa. Iliyokatika haikuwepo hata moja.

"Kwani hukujua?" aliniuliza. "Wewe si mtoto wake?"

Sikujua, Tata. Nilikuwa bweni, halafu chuo, halafu Dar. Marwa akanieleza kwamba si mila ya Wakurya, ilikuwa yako peke yako. Jioni ile ile tuliyomzika mama ulirudi mtoni, ukaiwekea kamba mkono, na mkono ukakataa. Ukamwambia kila anayevuka hapa anashika kamba, na si vizuri mtu arudi kesho yake ashike ile iliyombeba wa kwake. Tangu hapo kila kamba iliyovusha jeneza ilishushwa siku ile ile, hata kama ilikuwa na mwezi mmoja tu, ukaikata vipande na kuwapa watu wafungie ndama. Nimepita kijijini nikaangalia. Nusu ya ndama wa Kerende wamefungwa kwa kamba ambazo mimi niliziandika kuwa zimekatika.

Ningekueleza hivi kosa langu: mtu anataka kujua ng'ombe wako wanaishi miaka mingapi, na kila uliyemuuza akiwa mzima anamwandika amekufa siku ya mnada. Ataondoka akisema zizi lako lina ugonjwa. Ni kosa tunalofundishwa kulikwepa mwaka wa kwanza. Mwezi mmoja kabla hujafa nilimrudishia mwenzangu ripoti ya pampu za meli kwa kosa hilo hilo, na nilimsema kwa ukali.

Nilikaa siku mbili nikahesabu upya. Kamba zako zilikuwa na afya kuliko minyororo mingi niliyowahi kupima. Lakini sitakudanganya, maana hukupenda kubembelezwa: kamba kutokatika hata mara moja hakumaanishi haitakatika. Daftari lako linaonyesha hatari ilikuwa ndogo, halionyeshi kwamba haikuwepo. Na mapipa mawili ya upande wa chini yameoza kwa kutu. Nayo ungenionyesha, kama ningekuuliza.

Sasa, mkutano ulikuwa umeshapangwa Jumamosi iliyopita, wa kugawa mbao na mapipa yako. Vikishagawanywa, hakuna tena pantoni, na jina lako linabaki la mzee aliyekuwa anavusha watu kwa kamba mbovu. Nilikwenda kwa mtendaji, nikamwamkia, nikaomba kuzungumza kabla ya ugawaji. Nikasimama pale pale niliposimama mwaka jana, nikawaambia nilihesabu vibaya, nikawaambia kwa nini, nikataja majina ya marehemu mmoja mmoja kwa tarehe zao. Nilianza na jina la mama. Kila jina nililotaja, kulikuwa na mtu pale aliyeinamisha kichwa.

Nilidhani nimemaliza. Ndipo Marwa akasimama, ameshika kofia yake.

"Mwita alijua siku ile ile," alisema, akikutaja wewe kwa jina. "Tulijua wote wawili, mtoto alipokuwa bado anatusomea hesabu yake. Baada ya mkutano nilimwambia twende kwa mtendaji tumweleze. Akanikataza. Alisema, 'Marwa, huyu ndio kwanza anasimama mbele ya watu. Acha asimame.'"

Sikumbuki nilivyokaa chini. Nakumbuka mama mmoja alinishika bega na kuniambia pole, mwanangu.

Nimekukasirikia, Tata. Nalisema wazi kwa sababu huwezi kunijibu. Ungeniita jikoni tu ukaniambia, Bhoke, umekosea. Ningelia nusu siku, ningenuna, kisha ningerekebisha, na wale akina mama wasingepinduka majini. Badala yake ulipalilia mahindi mwaka mzima ukitazama mto kwa mbali, na nilipopiga simu ukaniuliza habari za meli. Na wakati huo huo, kila nikifikiria ulivyovua ile kofia, hasira inaisha na nakupenda mpaka naumwa.

Mbao hazikugawanywa. Mtendaji ameandika barua, mkaguzi atakuja. Mapipa mawili yatabadilishwa, idadi ya watu kwa safari imepangwa, na maji yakifika alama yako ya nguzoni hakuna kuvuka, hata aje nani. Marwa ataendelea, ingawa anasema mgongo si wake tena. Mimi nimeandika ripoti mpya na kosa langu liko ukurasa wa kwanza, na jina langu chini yake. Nakala moja nimeipeleka kwa mtendaji. Nyingine nitaisoma ofisini kwetu, na nitaanza na yule niliyemsema.

Kwenye ripoti kuna jedwali la kamba zako zote, na mbele ya kila moja sababu ya kuondolewa. Amevuka mwalimu. Wamevuka mapacha. Imechakaa. Nilipofika kwenye ya mwisho, ile mliyoifungua wewe na Marwa baada ya mkutano, niliweka kalamu chini, nikatoka nje, nikarudi. Nikaandika: iliondolewa ikiwa nzima, kwa sababu baba hakutaka kumwaibisha binti yake.

Pumzika sasa, Tata. Wataniita tena kusimama mbele ya watu, ndiyo kazi niliyoichagua. Nakuahidi nitasimama, lakini kabla sijafungua kompyuta nitamtafuta kwanza aliyeandika zile tarehe, nitakaa naye, nimuulize.

Mwanao,
Bhoke