Ulijua Ilikuwa Taa ya Hoteli

Mwalimu Mutua,

Shikamoo sikupi. Siku ya mazishi yako nililia kama mtoto wako wa kuzaa. Kisha mkeo akanikabidhi daftari lako la sayansi, nikalisoma.

Umeandika kwa mkono wako, wiki moja kabla ya mashindano ya sayansi ya shule pale Kwale: "Stima ikipotea, mstari unapotea. Ni taa ya hoteli." Ulijua! Na bado ukaniambia, "Wewe enda uongee tu, Mwanasha, mimi niko nyuma yako." Kweli ulikuwa nyuma. Kiti cha mwisho.

Unalikumbuka lile boksi la viatu, na kipande cha sidii ndani yake cha kuchambua mwanga uwe rangi? Tulikaa nalo baada ya magharibi uani mwa shule, ukuta kwa ukuta na hoteli. Ulinifundisha kwamba kila hewa huacha alama yake kwenye rangi, na kwamba siku moja watu watasoma hewa za sayari za mbali na kutafuta humo kemikali kama zinazotujenga sisi. Tukamwelekea Mshtarii, ile sayari kubwa, tukaona mstari wa kijani unaong'aa. Nikakuuliza: hewa ya sayari si hula mwanga na kuacha kiza? Mbona huu unang'aa? Ukasema nimezidi ubishi, hiyo ni hewa ya Mshtarii.

Jaji aliniuliza swali lilo hilo mbele ya shule zote. Nikarudia maneno yako: ni hewa ya Mshtarii. Walicheka, Mwalimu, na wewe ukainama kufunga kamba za viatu. Hadi leo nikipita Kona ya Musa naitwa Binti Mshtarii. Fizikia niliiacha. Natandika vitanda katika hoteli ileile.

Sasa redio inasema wataalamu wamegundua sayari zinazozunguka nyota nyingine, na wanatafuta njia ya kuzichunguza hewa zake. Ungefurahi sana. Inaniudhi kwamba ningetaka kukuona ukifurahi.

Juzi nilimbembeleza askari wa hoteli azime ile taa. Mstari wa kijani ukatoweka. Mshtarii akabaki, na ndani ya wekundu nikaona kama pengo jembamba la kiza. Sijamwambia mtu. Nitaliangalia tena na tena, taa ikiwa imezimwa, nikijibishia mwenyewe kama nilivyokubishia wewe.

Kwaheri. Likiwa kweli, nitasimama tena Kwale nilitangaze, na jina lako halitakuwamo. Likiwa si kweli, nitasimama vilevile, niseme si kweli. Ni maneno mawili tu, Mwalimu, na yalikushinda.

Mwanasha