Mbegu za Shangazi na Ndoo Moja ya Maji

Jumanne, 1 Novemba 1994

Nimemwagilia asubuhi kabla ya kengele, nikarudia jioni baada ya usafi. Visanduku vyote sawa, kikombe kwa kikombe. Kushoto uwele wa kienyeji, aliotuazima Shangazi Mele kutoka kijijini. Kulia mbegu mpya ya Bwana Sudi, muuza mbegu wa Majengo. Udongo mmoja, jua moja. Mwalimu Kimaro anasema hiyo ndiyo fair test, jaribio la haki, na kwamba Siku ya Sayansi mwaka huu haitakuwa ya kuchezea betri na balbu.

Mwalimu ni mwenyekiti wa Jumuiya ya Sayansi ya mkoa. Mimi katibu msaidizi. Sikuomba. Mwandiko wangu ndio uliochaguliwa, mimi nikaufuata. Naandika muhtasari wa vikao kwa Kiingereza, halafu naurudia kwa Kiswahili kwa ajili ya wakulima. Rehema anasema mimi ni kiongozi pekee Tanzania nzima anayeona aibu kuitika jina lake.

Kweli kabisa.

Jumamosi, 5 Novemba

Bomba limekauka. Mtaa mzima ndoo kichwani. Wauza maji wa mikokoteni hawakufika shule. Nilikuja na ndoo moja kutoka nyumbani kwa baba mdogo, nusu yake ikamwagika njiani.

Haikutosha visanduku vyote. Nikawapa wa kulia, wa Bwana Sudi. Nilijiambia uwele wa kwetu umezoea kiu, ndiyo sifa yake, umeota Ugogo tangu babu wa babu. Kwa siku moja hautakufa.

Jikoni kwa shule kuna pipa. Nilikwenda hadi mlangoni. Wapishi walikuwa wanacheka jambo lao, mmoja akageuka akanitazama. Nikajifanya napita.

Jumatatu, 7 Novemba

Bado hakuna maji. Nimefanya vilevile. Jana pia, na sikuandika.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Ni kusema tu, "Shikamoo mama, naomba maji ya Jumuiya." Maneno hayafiki hata kumi. Nilikuwa nayo yote mdomoni. Sijui nina ugonjwa gani.

Jumatano, 9 Novemba

Bomba limetoka usiku. Leo nimemwagilia vyote, kwa wingi, kama mtu anayeosha mikono.

Wa kulia wameota, kijani, wamejipanga kama watoto wa gwaride. Wa kushoto hapa mmoja, pale mmoja, na wale waliotokeza wameinama. Mwalimu alikuja na kamera. Alifurahi mpaka akasahau kunikaripia kuhusu viatu. Akauliza kama tumemwagilia sawa.

Nilitikisa kichwa kukubali. Hata neno sikutumia. Nimedanganya kwa shingo.

Akaniamuru niandike vibao. "Local variety, poor germination." Chini yake, mbegu ya kienyeji, uotaji hafifu. Mwandiko ulitoka mzuri sana. Mwalimu ametufundisha kuwa ripoti ya sayansi haina "mimi" ndani yake. Leo nilishukuru.

Jumamosi, 12 Novemba

Kikao cha kamati. Walimu, mabwana shamba wawili, Bwana Sudi, Rehema mweka hazina, na mimi kwenye kona na kalamu.

Mwalimu amepata wazo. Siku ya Sayansi kila mkulima atakayeleta mbegu yake ya zamani atapewa mpya, bakuli kwa bakuli. Bwana Sudi amekubali kuzitoa bure, atatangaza biashara yake. Siku hizi kila mtu anaruhusiwa kuuza mbegu, sio kama zamani tukisubiri ya ushirika mpaka mvua inakatika.

Na mbegu za zamani? Bwana shamba mmoja akauliza. Mwalimu akasema zitasagwa. Jumuiya ina desturi, kila mwaka tunakula jaribio letu. Mwaka juzi tulikula mayai ya jiko la jua, yakiwa mabichi. Mwaka jana zabibu za Makutupora, zile za majaribio ya kukata matawi. Mwaka huu uji. Wote wakacheka na kupiga makofi.

Nimeandika yote. "It was agreed," ilikubaliwa. Mwandiko haukupinda, ndicho kinachonitisha. Baba aliwahi kuniambia uwele ule wa Shangazi ndio uliowalisha mwaka mvua ilipokataa. Anachagua masuke mwenyewe shambani, anayatundika juu ya moshi wa jiko mpaka msimu mwingine. Alirithi kwa mama yake.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Kikao kilichukua mchana mzima.

Jumamosi, 19 Novemba

Siku ya Sayansi. Sitaki kuandika lakini nikilala bila kuandika itakuwa mbaya zaidi.

Turubai, spika, soda za Bwana Sudi. Watu walikuja wengi, wengine kwa miguu kutoka vijijini na vibuyu na vifurushi vya mbegu. Mwalimu akahutubia kwa Kiingereza kwanza kwa ajili ya mgeni wa wizara, kisha Kiswahili. Akawasimamisha wote mbele ya visanduku. "Msinisikilize mimi. Tazameni wenyewe. Sayansi haina upendeleo."

Shangazi alikuwepo. Alivaa kanga mpya na viatu vya mitumba alivyoletewa na baba. Nilimwamkia, akaniitikia kwa Kigogo, "mbukwa mwanangu," kwa sauti kubwa, Rehema akageuka. Nikaona aibu kwa ajili ya sauti yake. Hiyo nayo naiandika. Nilikuwa na aibu ya kutosha, bado nikapata nafasi ya nyingine.

Akainama kwenye kisanduku cha kushoto. Akagusa udongo.

"Hizi ndizo zangu?"

Nikasema ndizo.

Wanawake wenzake walikuwa nyuma yake. Mmoja akasema, "Eeh, Mele, na unavyojisifu nazo!" Wakacheka, kwa utani tu, wanavyotaniana siku zote. Yeye hakucheka. Akasema taratibu, kama anajisemea, "Kumbe miaka yote nawagawia watu kitu kibovu."

Kazi yangu ilikuwa kushika mdomo wa gunia. Kila mkulima anamimina, Bwana Sudi anapima mpya. Shangazi akafika na kibuyu chake. Nikashika gunia. Akamimina mpaka punje ya mwisho, akagonga kitako cha kibuyu. Vumbi la moshi likanipanda puani.

Nilishika gunia. Nilishika vizuri, lisimwagike.

Jumapili, 20 Novemba

Kanisani sikuimba. Mama mdogo akauliza kama naumwa tumbo. Nikasema ndiyo.

Magunia mawili yako stoo ya maabara. Yanasagwa Jumatano asubuhi, uji ni mchana kwenye mkutano wa wanachama. Mawingu yameanza kujikusanya upande wa mashariki. Watu wamekwisha safisha mashamba. Mvua ya kwanza ikinyesha watapanda walichonacho, na walichonacho ni kitu ambacho hakuna anayekijua. Labda ni kizuri. Inawezekana kabisa ni kizuri. Lakini hatukukipima. Nilikipendelea.

Jumatatu, 21 Novemba

Nilikwenda ofisi ya walimu. Mwalimu Kimaro akaniona mlangoni, akasema, "Ah, Tabitha, umekuja wakati mzuri," akanipa barua za shukrani ninakili. Nikachukua. Nikasema asante. Asante!

Nimemwambia Rehema. Tulikuwa nyuma ya bwalo. Alitoa macho.

"Wewe! Na vile umeandika vibao kwa rangi!"

Halafu akafikiri. Akasema ninyamaze. Mbegu ya dukani lazima itakuwa bora, wazungu wameitengeneza, nani atakuja kupima tena? Nikisema, Mwalimu ataumbuka mbele ya mkoa mzima.

Nilitamani awe amesema kweli. Nimekaa na maneno yake jioni yote kama mtu aliyepewa dawa ya bure.

Jumanne, 22 Novemba

Leo nimefanya jambo la aibu kuliko yote. Funguo za stoo ninazo, kwa cheo. Nilikwenda na mfuko wa rambo kuchukua bakuli la Shangazi. Lake tu. Nilipanga nimpelekee Jumamosi, nimwambie amebaki nalo kwa bahati. Wengine basi.

Nikafungua gunia. Nikaingiza mkono mpaka kiwikoni. Uwele ni uwele. Za Shangazi zimechanganyika na za yule mwanamke aliyemtania, na za mzee aliyekuja na baiskeli bila breki, na za wote. Huwezi kumtoa mmoja.

Nikafunga gunia. Nimekaa juu yake mpaka mlinzi akaja kugonga bati niondoke.

Jumatano, 23 Novemba

Nimesema.

Nilidhani nitafika mapema, kabla ya kinu. Sikuwahi. Gunia moja lilikuwa limekwisha sagwa na uji ulikuwa kwenye vikombe, umetiwa sukari na ukwaju. Mwalimu akaniita nisome muhtasari wa mwaka. Kila mwaka anasoma katibu, mwaka huu katibu ana malaria.

Nilisoma kwa Kiingereza. Mihadhara, mashindano ya insha, ziara ya kutazama nyota. Nilipofika kwenye uwele sauti ikakatika. Wakadhani ni haya zangu za siku zote, mwalimu mmoja akasema, "Jikaze binti." Nikasema kwa Kiswahili, maana kile Kiingereza kilikuwa kinanisaidia kujificha.

Nikasema sikumwagilia visanduku vya kushoto. Bomba lilikauka, maji yalikuwa machache, nikawapa wa kulia. Jikoni kulikuwa na pipa sikuomba. Mwalimu aliponiuliza nilimdanganya.

Kijiko cha mtu kiligonga kikombe. Basi.

Bwana Sudi ndiye aliyesema kwanza. "Kwa hiyo mbegu yangu imeshinda kwa kubebwa?" Hakuna aliyecheka. Nadhani aliumia kweli. Aliiamini.

Mwalimu alivua miwani. Akatazama kikombe chake. Akasema, "Tunakunywa mbegu za watu," akakiweka chini polepole. Hakunigombeza. Aliniambia nikae. Kisha akauliza, si mimi, kila mtu, gunia la pili liko wapi. Akatoka kwenda kulitazama mwenyewe, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akasema kosa ni lake, aliwaambia watu watazame wenyewe naye hakutazama.

Afadhali angenipiga.

Ijumaa, 25 Novemba

Shule wananiita Bomba. "Bomba limetoka?" "Bomba limekauka!" Hata wa kidato cha kwanza. Rehema aligombana na mmoja kwa ajili yangu, halafu jioni na yeye akateleza akaniita hivyohivyo. Tukacheka. Mimi kidogo.

Jumamosi, 26 Novemba

Tumezunguka vijiji kwa gari la bwana shamba. Mwalimu mbele, mimi nyuma na gunia lililobaki. Kila mkulima anarudishiwa nusu bakuli, ndivyo ilivyotosha. Mpya wabaki nayo, ila wapande kidogo wajionee. Mwalimu alisema nitaeleza mimi, kila mahali, kwa mdomo wangu. Mahali pa kwanza sikusikika. Baadaye nilisikika.

Yule mzee wa baiskeli alisema alishapanda mpya kabla ya mvua, shamba zima. Akatazama mbinguni.

Shangazi alikuwa anapeta mtama. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha ungo.

"Kwa hiyo hazikuwa mbovu."

Hazikuwa, Shangazi.

"Zilikuwa na kiu."

Ndiyo.

"Na maji yalikuwepo."

Nikasema niliona haya kuomba. Akaacha ungo. "Haya," akasema. "Mimi niliaibika mbele ya kijiji kizima, wewe uliona haya mbele ya wapishi."

Mwalimu Kimaro akaangalia pembeni. Nusu bakuli aliipokea, akaitandaza kwenye ungo, akaichezea kwa kidole. Akasema asante. Akasema atapanda, njaa haichagui. Ila hizi yeye hazijui, zimechanganyika, ni za kila mtu.

Jumapili, 4 Desemba

Shule imefungwa. Nimeomba nije kwa Shangazi msimu wa kupanda. Baba alishangaa. Nimelala hapa tangu Ijumaa.

Mvua imenyesha usiku. Asubuhi Shangazi alivaa kanga yake nzuri, akaniambia twende. Hakusema wapi. Tulipita mabonde mawili matope yakitufika kwenye vifundo vya miguu. Kumbe kwa wifi yake, Mama Yona. Hawasalimiani tangu ugomvi wa mpaka wa shamba, hata msibani walikaa mbalimbali. Lakini Mama Yona alipoolewa ni Shangazi aliyempa masuke ya kuanzia, ya uwele uleule.

Shangazi alipiga hodi. Ilichukua muda kuitikiwa, na mlango ulikuwa wazi. Tulisimama uani. Mama Yona alipotoka alimtazama kuanzia miguuni.

"Nasikia ulizimwaga mwenyewe."

"Nilizimwaga."

Sikuruhusiwa kuingilia, nilijua bila kuambiwa. Nilisimama nyuma nimeangalia chini. Shangazi hakunitaja. Angeweza kunionyesha kwa kidole, nilikuwa pale pale. Akasema tu anaomba mbegu.

Mama Yona aliingia ndani, akakaa sana. Akatoka na masuke manne, meusi kwa moshi. Akasema manne yanatosha mtu aliye mwangalifu. Shangazi akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, yeye ambaye ni mkubwa. Akayafunga kwenye pindo la kanga.

Njiani nilimwomba nimpokee mzigo, kama ipasavyo. Akasema hapana, atabeba mwenyewe. Hakusema kwa ukali.

Nikatembea nyuma yake, mikono mitupu, mpaka nyumbani.