Shukrani za Murungi

Kanyakine,
Jumatatu.

Dada yangu mpendwa Kiende,

Tangu Ijumaa nasikia vijiko vikigonga vikombe vya bati. Navisikia nikichota maji, nikisahihisha madaftari ya wanafunzi, na hata sasa nikikuandikia. Lakini kwanza nakusalimu kwa upendo. Je, shemeji na watoto hawajambo hapo Embu? Kikohozi cha mdogo kimepungua? Huku Baba na Mama ni wazima. Asubuhi ukungu hukawia shambani, na migomba huonekana kama watu waliosimama kumngoja mtu.

Ijumaa jioni klabu yetu ya kupanda mlima iliwaandalia chakula watu wa kujitolea, sisi tunaofyeka njia za msituni na kuwashusha wageni walioumia. Meza zilipangwa nje, kwenye nyasi za kanisa, jua likizama nyuma ya mlima. Desturi yetu unaijua nusu tu. Siku hiyo viongozi ndio wanaopakua mukimo wa viazi na mahindi, nasi tunakaa kama mabwana. Hatupigi makofi, tunagonga vikombe kwa vijiko, kama kambini mikono ikiwa imekufa ganzi kwa baridi. Na aliyejitolea hasemi neno. Anayesimama ni mtu wake wa nyumbani, yule anayebaki akimngoja, aeleze ameona nini.

Alianza Kagure, mke wa Mzee Mbaabu. Alisema aliolewa na mwanamume mmoja akaletewa pia matope yake yote, na kama klabu ina shukrani, basi imshukuru yeye anayefua soksi. Mzee akanong'ona kwamba soksi hizo huzifua mwenyewe mtoni. Kagure akamuuliza mbele ya watu ni mto gani huo unaorudisha soksi zikiwa chafu kuliko ulivyozipokea. Tulicheka hadi chai ikamwagika. Kisha akashusha sauti, akasema kwamba akiona mlima umefunikwa na mawingu huacha mlango bila komeo, wala hajawahi kumwomba asiende.

Mimi nilimleta Murungi. Wewe ndiwe uliyetukutanisha, wajua alivyo mpole. Alisimama na shati lake jeupe, akaishukuru klabu kwa kumtunzia mchumba wake. Akasema huniona nikirudi nimechubuka, nimechoka, lakini ninang'aa. Wazee wake wanakuja kwetu Jumamosi hii, akaendelea, na baada ya harusi nitapumzika. Mlima, alisema, umenitumia vya kutosha. Mama mmoja akapaza sauti kwamba huyo ndiye mwanamume, nisimwachilie. Vikombe vikalia kuliko jioni yote. Changu pia, dada. Mkono wangu ulikuwa ukigonga, nami nikiutazama kama mkono wa mtu aliye ng'ambo ya bonde.

Njiani nilimuuliza kama alimaanisha. Akacheka taratibu, akauliza mke wa mtu atalalaje kwenye hema huko juu na wanaume wa klabu. Nikamwambia sikuwa nimeulizwa. Akajibu kwamba jambo lililo wazi haliulizwi. Hakukasirika. Alinipokea begi akalibeba, nami nikatembea kando yake kama niliye usingizini, nikiiona miaka ijayo: miaka mipole, yenye joto, na mimi ndani yake simo.

Ningekupigia simu, lakini sauti yako ingenirudisha nyuma. Najua umeshashonesha nguo ya Jumamosi. Nampenda Murungi, na ndiyo maana nimekawia kufika kwenye neno hili. Jana baada ya ibada nilikwenda kwao Mikinduri, nikamwambia mbele ya mama yake kwamba sitaolewa naye. Mama yake aliniuliza kama mlima utanizalia watoto. Nikasema hapana, mama. Murungi hakubishana, alinisindikiza hadi langoni, akasimama hapo akitazama chini. Baba naye nimeshamwambia. Akaniambia nikuandikie mwenyewe.

Basi usifunge safari, dada, wazee hawaji. Mpe shemeji salamu zangu, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu. Ukinikasirikia, nikasirikie, lakini uniandikie. Jumamosi sitakuwa nyumbani. Tunapanda kufungua njia ya mianzi iliyozibwa na mvua, na nimeshawaambia wenzangu kwamba nitatangulia.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Joyline