Dinstak na Donastak

Rumonge, kando ya Tanganyika
Jumatatu, 15 Mfungo Mosi 1329
(kwa hesabu ya Wadachi, 9 Oktoba 1911)

Kwa Bibi Biasha binti Nasoro, Tabora

Mpendwa Dada Biasha,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba karatasi hii ikukute mzima, wewe na shemeji Hadji na wote walio chini ya paa lako, na ule mguu uliokusumbua wakati wa masika uwe umepoa. Je, unalala vizuri? Je, watoto wanakula? Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Mvua za kwanza zimenyesha, ndagala wa ziwani wamekuwa haba, na majirani zetu Warundi bado wananiamkia amahoro kila asubuhi, nami nawaitikia ingawa amani yenyewe sina.

Khitma ya arobaini ya mdogo wako Esha tuliisoma siku ya tatu baada ya sikukuu. Watu walikuja wengi, wengine kutoka Gatete kwa miguu. Ubani ulitosha.

Barua yako aliyoileta Bakari, mchuuzi wa chumvi, nimeisoma hata imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Umeniuliza neno moja tu: kama ni kweli wasemavyo watu, kwamba Esha alikosa sindano kwa kuwa mimi mumewe nilikwenda zangu kuvua nikasahau siku. Wewe ndiye uliyemlea baada ya mama yenu kufariki, na una haki ya kuuliza. Sikwenda kuvua, dada. Mimi ni mshonaji, hata nyavu sina. Na siku sikuisahau. Lakini sindano aliikosa, na kosa ni langu. Nitakueleza lilivyokuwa, kisha unihukumu upendavyo.

Ugonjwa ulianza Mfungo Tano. Alikuwa akichambua chikichi, mara unamwona kichwa kinainama, kokwa zinamdondoka mkononi. Nilidhani ni mimba. Nilifurahi kimoyomoyo, nikaanza hata kutafuta kitambaa cheupe cha kumshonea mtoto. Halafu wakaja watu wa kambi ya malale, huo ugonjwa wa usingizi, wakapita nyumba kwa nyumba wakishika watu shingo. Kwa Esha walikuta tezi mbili, kama punje za mahindi chini ya ngozi.

Daktari wa Kidachi hakai hapa. Huja kwa boti, hudunga watu siku mbili mfululizo, kisha hushuka kusini kwenda Nyanza na kwingineko, na hurudi baada ya majuma kama manne, kila safari siku nyingine. Kila mgonjwa hupewa cheti chenye siku ya kurudi, na cheti kimeandikwa Kidachi kitupu. Mimi nimesoma Kurani, barua naandika kwa herufi za Kiarabu kama hizi uzionazo, lakini herufi za Kizungu sikujua hata ya kwanza.

Aliyetufundisha ni Amissi, mtu mzima wa Tanga, msaidizi wa daktari, aliyesoma shule ya serikali huko kwao. Alitukalisha upenuni mwa kambi, akachukua ubao wa sanduku na kipande cha mkaa. Zontak ni Jumapili. Montak, Jumatatu. Dinstak, Jumanne. Mitivoh, Jumatano. Donastak, Alhamisi. Fraitak, Ijumaa. Zamstak, Jumamosi. Mimi niliandika kila neno kwa Kiarabu kama lilivyonigonga sikioni. Esha hakuandika kitu. Alisikiliza tu, na tulipofika nyumbani alikuwa nazo zote saba kinywani.

Unamjua alivyokuwa, hakubali jambo bila kulipindua aone nyuma yake. Amissi alipomwambia kwamba Mitivoh maana yake ni katikati ya juma, alimkazia macho. "Katikati ya juma gani?" akamwuliza. "Sisi tunaanzia Jumamosi. Katikati yetu ni Jumanne." Amissi akahesabu kwa vidole, akacheka, akamwambia, "Basi mama, hilo kamweleze daktari mwenyewe."

Miezi pia aliishika kabla yangu. Yanua, Februa, Meatsi, Aprili, Mai. Yuni na Yuli akaziita Kurwa na Doto, kwa kuwa zinafanana na moja imemtangulia mwenzake. Akitwanga aliziimba, Yanua mchi unapanda, Februa unashuka. Sikuzani, jirani yetu, alikuwa akisimama uani kwake kumsikiliza, akiuliza, "Bi Esha, leo iko siku gani kwa Wadachi?" Naye alimjibu, na hakukosea.

Mimi nilijikwaa penye Dinstak na Donastak. Zote zinaanza kwa herufi moja, lile umbo kama tumbo la mtu, na masikioni mwangu zilikuwa sauti moja. Esha alinisahihisha kila siku, na kila siku nilisahau.

Sindano za Aprili na Mai hakukosa hata moja. Mwezi wa Mai alipata nguvu, akatembea hadi Gatete akarudi na kikapu cha mihogo kichwani. Nilisema moyoni, tumepona.

Kisha Mfungo Tisa akaanza kuchanganya mambo. Alitia chumvi kwenye uji mara mbili. Siku moja aliniita Nasoro, jina la marehemu baba yenu, na nilipomwambia mimi ni Assumani alinitazama kwa muda kabla ya kukubali. Nikaanza kumtilia shaka kila asemalo. Hapo ndipo nilipokosea, dada. Maradhi yalimpokonya baadhi ya maneno, nami nikadhani yamempokonya yote.

Siku ya Jumatatu, mwezi wao wa Yuni, nilitoa cheti nikakitazama. Nilikuwa nakihifadhi kwenye kitambaa kilichowahi kufunga chupa ya mawese, na mafuta yalikuwa yameloweka namba. Ilikuwa kumi na tatu au kumi na tano, haikujulikana. Kilichoonekana wazi ni ile herufi yenye tumbo. Nikamwambia Esha, "Sindano ni Donastak. Alhamisi."

Alikuwa amelala juu ya mkeka, uso ukutani. Nilidhani amesinzia. Akasema bila kugeuka, "Ni Dinstak. Ni kesho."

"Hapana, mke wangu. Alhamisi."

"Amissi aliisoma mbele yangu. Dinstak, tena Mitivoh. Kesho na kesho kutwa."

Nami nikamwambia, na maneno haya nakuandikia kama yalivyotoka, "Nyamaza upumzike, Esha. Asubuhi hukunijua mimi mumeo, utaijua siku ya Wadachi?"

Akavuta kanga akajifunika mpaka kichwani.

Ningeweza kwenda kambini kuuliza. Ni mwendo wa saa moja tu, jua lilikuwa bado juu. Lakini nilikuwa na kanzu ya arusi mkononi, imebaki kola, na mwenyewe alikuwa ameisubiri. Nikakaa nikashona kola. Jumanne nilishona. Jumatano nilishona. Alhamisi alfajiri nikamwosha uso, nikamtia mgongoni, nikaenda naye.

Tulikuta upenu mtupu. Mtu mmoja alikuwa akifagia. Boti ilikuwa imeondoka jana yake alasiri, na Amissi pamoja nayo.

Nilikimbia ufukweni nikamkuta Athumani, mwenye mtumbwi. Hata kofia sikuwa nayo kichwani, na aliponiona hakuuliza, alishika kasia. Tulishuka kusini tukiandama ukingo, siku nzima na nyingine, tukapita msitu wa Kigwena, na pote njiani tuliona pwani imefyekwa kwa amri ya serikali ili kumfukuza mbung'o aletaye malale, visiki vitupu, na nyumba ambazo wenyewe wamehamishwa. Esha alilala kichwa mapajani mwangu. Siku ya pili adhuhuri akafumbua macho.

"Tunakwenda wapi?"

"Nyanza. Kumfuata daktari."

Akafikiri. "Kwa hiyo ilikuwa Dinstak."

"Ilikuwa Dinstak."

"Nilisema."

"Ulisema, Esha."

Akatazama maji. Athumani aliacha kupiga kasia. Kisha Esha akasema polepole, kama mtu anayemweleza mgeni, "Siku ile juu ya mkeka sikuwa nimelala, Assumani. Nilikuwa nasikia yote."

Niliteka maji ya ziwa kwa kiganja nikamlowesha midomo.

Nyanza tulifika Ijumaa jua likizama. Boti ilikuwa imeondoka asubuhi ile ile kwenda Ujiji. Tulipumzika kwa mwanamke mmoja mwema, Mwamini jina lake, akatupa ugali na samaki, kisha tukarudi tulikotoka.

Kwa Yuli tulifika kambini siku moja kabla, tukangoja pale pale. Alidungwa siku zote mbili. Agosti pia. Lakini daktari alipomshika kope alitikisa kichwa, na Amissi hakunitafsiria aliyoyasema. Macho ya Esha yalikuwa yameingia ukungu. Alinijua kwa sauti, na siku nyingine hata kwa sauti hakunijua. Nilijaribu kumwimbia miezi ile aliyokuwa akitwangia. Alinifuata mpaka Aprili, akasimama, akaniuliza kama mama yake amerudi kutoka kisimani.

Alifariki Ijumaa, 22 Shaabani, baada ya adhana ya adhuhuri. Amissi ameniandikia kwa upande wao: Fraitak, 18 Agosti. Sikuzani ndiye aliyemfumba macho, na yeye na wanawake wa mtaa walimwosha. Tulimzika alasiri ile ile, penye michikichi, mahali pakavu.

Siku ya saba nilimwendea Amissi, ambaye tangu Agosti daktari amemwacha kambini, nikamwuliza waziwazi kama sindano ile ndiyo iliyomwua. Amissi si mtu wa kumpaka mtu mafuta. Aliniambia, "Nimewaona waliodungwa zote na wakafa. Nimewaona waliokosa mbili na wanalima. Ukitaka nikuambie hukumwua, sijui. Ukitaka nikuambie ulimwua, hilo pia sijui." Nimelichukua jibu hilo kama lilivyo.

Kwa hiyo hayo ndiyo majibu yako, dada. Wanaosema nilisahau wananihurumia bila kujua, maana kusahau ni jambo la kila mtu. Mimi niliambiwa, na aliyeniambia alikuwa anajua, nikamnyamazisha kwa sababu alikuwa mgonjwa. Sikutaka ulisikie kwa mtu mwingine.

Kuna habari moja zaidi. Watu wetu hapa wengi wanasoma Kiarabu tu kama mimi, na tangu msiba wameanza kuniletea vyeti vyao niwasomee, kwa kuwa wanajua nilifundishwa. Mwanzoni niliwafukuza. Juzi akaja Mariyamu, mke wa mfua chuma, na mama yake mzee anayeyumba kwa usingizi. Nikatazama cheti. Ilikuwa Dinstak, herufi safi, namba safi. Nikawaambia Jumanne. Yule mzee akanung'unika kwamba hapana, ni Ijumaa, na binti yake akamwambia, "Tulia mama, fundi amesoma." Nilikuwa na hakika, dada. Hata hivyo nilifunga duka, nikatembea hadi kambini kumwuliza Amissi. Ilikuwa Jumanne. Nilirudi nikamweleza yule bibi mwenyewe, si binti yake, taratibu, nimechutama mbele yake. Nadhani hakuelewa. Alinishika mkono tu.

Bakari atakuletea furushi dogo. Mna kanga mbili za Esha, kitana chake cha pembe, na kile kitambaa cheupe nilichokuambia. Sikukikata. Mpe Riziki binti yako, siku atakapokihitaji.

Nakuomba jambo moja. Usinijibu kwa mdomo wa Bakari. Andika kwa mkono wako, hata kama ni neno moja, hata kama ni la hasira. Nitalisoma. Na ukiandika kwamba nisikuandikie tena, nitalitii hilo vilevile, ila nitakuwa nimelisikia kutoka kwako.

Nisalimie shemeji Hadji, mwambie kanzu aliyoniagiza nimshonee sijaisahau. Nisalimie Riziki, na Mzee Aruna kama bado anasikia, na wote wanaoniulizia na hata wasioniulizia. Sikuzani na Athumani wanakupa pole. Mungu awakinge na maradhi, awape mvua ya kutosha, na amrehemu mdogo wako, amtilie nuru kaburini mwake na machoni mwake.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kama dada wa tumbo moja hata ukinikataa,

Assumani bin Shafii, mshonaji