Aloesi ya Mulima wa Mukuba

Lundi, 4 novemba 1974

Feza mutoto yangu, andika. Asubuyi nilimwanga mayi kwa mboga. Kwa aloesi, ile shubiri ya dawa, hapana, mayi mingi inaiozeshaka. Aloesi ya bantu bote inazalaka batoto pembeni, mingi, sawa kuku. Hii yangu hapana. Iko moya tu. Marehemu baba yako aliitosha ku mulima wa mukuba, ile shaba, akaileta huku, wakati alikuwa anabebeaka bazungu miti ya kupimia. Alikuwa anapenda kutembea, yule! Sasa mashini ilikula mulima, kulibakia shimo. Basi hii ikikufa, njo mwisho. Nilikuwa nasema nini? Mayi.

Juedi, 7 novemba

Bugonjwa ya kuku iliingia kartie yetu, mutaa wa Bel-Air. Zinapindika shingo, zinakufa. Bantu banawekaka majani ya aloesi mu mayi ya kuku. Ile ya kawaida iliisha mu avenyu yote, basi banakuya kwangu. Na huku kwetu dawa habanyimake jirani. Nilipatia mumoya jani, mwingine jani. Mama Sakina, jirani wa lupango ya pembeni, mutu wa Maniema, anauzishaka kuku. Alirudilia kuomba, alirudilia. Nikasema hapana.

"Mama Feza, weye unalilia majani. Miye batoto yangu batakula nini?"

"Sakina, tosha mikono ku aloesi yangu!"

"Batakuzika nayo!"

Haya ilinishika. Hasira pia.

Samedi, 9 novemba

Salongo, ile kazi ya lazima ya serikali. Shefu wa kartie alitutosha bote, hata shiye bazee, tufagie barabara. Kurudi: aloesi haina kichwa. Moyo wa katikati, majani, byote bilikwenda. Kulibakia kisiki, inatoka mayi ya manjano. Niliyua ni nani. Nililia mu lupango sawa ku kilio. Feza anasema, mama, ni majani tu. Weye nawe! Andika tu.

Dimanshi, 10 novemba

Kuku ya Sakina zilikufa zote. Nilifurahi. Andika vile, usigeuze. Nyuma sikufurahi tena.

Vendredi, 10 janvieri 1975

Nilitaka kungoa kisiki, nipande matembele. Kuinama hivi: pembeni kuko bintu bidogo binatoka, sawa meno ya mutoto. Batoto! Kumbe ilikuwa inangojea bamukate kichwa. Miye nilikuwa naichunga sana, kisu haikupita hata siku moya. Sasa hasira yangu haiyue tena fasi ya kuikala.

Dimanshi, 16 marsi

Nilimuita Sakina, nikamuonyesha. Aliangalia sana.

"Basi miye njo mukunga?"

"Weye mwizi."

"Mwizi na mukunga."

Nilicheka. Sikutaka kucheka.

Mutoto mukubwa wa aloesi nilimutosha na kisu wiki yenye ilipita, nikaacha kidonda yake ikauke mu kivuli. Bulongo muzuri ya mboga itaiozesha, inataka ile ya kijani, ya mukuba, fasi miti haiotake. Sakina alikwenda kuokota yenye kamio za kubeba mukuba zinaangushaka ku barabara. Alirudi na beseni ku kichwa, nguo chafu, anatukana bashofere. Tulipanda.

Mardi, 8 aprili

Mvua inapunguka. Sakina hakuya leo. Mutoto wa aloesi iko rangi ya vumbi, haikuongezeka hata kidogo. Niliogopa, labda ilikauka imesimama. Nilikaa chini pembeni yake. Nikashika jani na bidole mbili, nikavuta polepole, nione kama ilishika mizizi.

Ilikatala.