Kuhamisha Ngoma za Shemeji

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimehamishia ngoma za wimbo wa kwanza kwenye seti mpya ya sauti za ngoma humu kwenye kompyuta. Balaa! Kubonyeza tu — kiki inalia kengele. Sneya inapiga makofi. Tomu kubwa inatoa mluzi. Na wimbo wenyewe ni wa majonzi, mtu anaagana na mpenzi wake, huku nyuma makofi na kengele utadhani watu wamefurahi wawili hao kuachana. Nimecheka peke yangu mpaka dada akafungua mlango kuuliza kama niko salama.

Kosa si la kompyuta. Shemeji akipiga zile pedi zake za mpira, kinachohifadhiwa si sauti, ni namba. Thelathini na sita ni kiki, lile goma la mguuni. Thelathini na nane ni sneya, ngoma ndogo ya katikati. Arobaini na mbili ni haihati iliyofungwa, yale matoazi mawili madogo yakibanana. Seti ya zamani ilizijua namba hizo zote. Hii mpya imejipangia kwa akili zake, kama mgeni aliyekuja akahamisha vyombo vyote jikoni. Kwa hiyo kazi yangu ni kuionyesha kila namba mahali pake papya. Albamu nzima!

Kiongozi wa bendi ndiye aliyeitaka seti hii. Anasema ina sauti ya ukumbi mkubwa. Jumanne ya wiki ijayo anakuja kusikiliza. Akiridhika, Shemeji anakwenda na bendi ziarani. Asiporidhika — basi, kuna mpiga dramu mwingine ambaye Kiongozi anamsifia mno siku hizi, na kila mtu anajua sifa hizo zinaelekea wapi.

Shemeji, mume wa dada yangu, mwenye nyumba na mwenye ngoma (bendi wanamwita Nyundo), aliisikiliza ile ya makofi na kengele. Akasema sasa ameelewa kwa nini kwetu walimpa dada, halafu mimi wakaniongeza bure.

Jumanne, 5 Machi

Kiki na sneya zimekaa. Haihati ndiyo inanitoa jasho. Si kuihamisha — kumridhisha mwenyewe!

“Ongeza haihati, shem.” Nikaongeza. “Kidogo tena.” Nikaongeza. “Mbona unaibania?” Nikaongeza mpaka meno yakawasha. Ndipo akaridhika, akajipigapiga paja kwa raha zake.

Nikatazama namba za nguvu. Kila pigo lina namba yake, kutoka moja mpaka mia na ishirini na saba. Katika nyimbo alizorekodi mwaka juzi, haihati yake inapanda na kushuka, laini, inacheka. Katika hizi za karibuni kila pigo limegonga dari. Nikamuuliza haihati imemkosea nini. Akasema huo ndio ukomavu, mimi ni mtoto wa juzi siwezi kuelewa.

Halafu kuna suala la kiti. Lazima akae ubavuni kwa skrini. Nikiigeuza kidogo jua lisinipige machoni, anairudisha. Tumeigombania mchana kutwa kama wasichana wawili na kioo kimoja asubuhi.

Alhamisi, 7 Machi

Dada amevimba. Yeye ni mwalimu wa darasa la kwanza, kutwa kucha anapayuka, akifika nyumbani sauti imekwisha na anaongea chini kama yuko maktaba. Jana alimwomba mumewe abadilishe balbu ya jikoni. Mume akampita, akafungua friji, akanywa maji, akaondoka.

“Kanifanya kabati,” dada akaniambia. “Tena bora kabati, watu hulifungua.”

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akasema mwaka mzima huu mwanamume ametia pamba masikioni, akiambiwa jambo anajitia hamnazo, na eti shule zikifunga wiki ijayo anakwenda kwa mama. Si kutembea. Kukaa. Nikamwambia anatia chumvi. Akanitazama vile anavyowatazama wanafunzi wake.

Jioni nimemgusia Shemeji kuhusu balbu. Akashtuka kabisa! “Balbu gani?” Kisha akainuka akaenda kuibadilisha, akarudi anajisifu kama amejenga daraja. Dada hakumwambia hata asante.

Ijumaa, 8 Machi

Tomu zimekaa. Matoazi makubwa yamekaa. Mgongo wangu haujakaa.

Jumapili, 10 Machi

Nimefanya kosa la kijinga, na sasa natamani nisingelifanya.

Asubuhi nilikuwa namalizia wimbo wa mwisho, macho yamechoka. Pale kwenye haihati nikabofya nafasi ya chini yake badala ya yenyewe. Nafasi hiyo katika seti mpya ni tupu, haina sauti yoyote. Sikugundua. Nikamwita Shemeji, akavuta kiti chake, akajisogeza ubavuni kwa skrini, nikabonyeza.

Wimbo ukaanza bila haihati. Hata tone! Kiki na sneya tu, wimbo unachechemea. Nikataka kuuzima, lakini nikamwona anatikisa kichwa kwa mdundo, kidole kinagonga hewani palepale haihati inapotakiwa kuwa.

“Hapo!” akasema. “Hapo sasa! Haihati imekaa kama imezaliwa hapo. Usiiguse tena, shem.”

Nikaangua kicheko. Nilidhani ananikebehi — ndio mtindo wetu, mimi na yeye hatujawahi kuongea dakika mbili bila kutaniana. Nikangoja na yeye acheke. Hakucheka. Alikuwa amefurahi kweli. Akanigonga bega, akatoka kwenda kuosha gari.

Nilipigwa na butwaa. Nikarudia wimbo mara ngapi sijui, nikitafuta alichosikia. Halafu nikakiona. Kwenye skrini, kila mstari wa ngoma una taa ndogo ya kijani. Namba ikifika, taa inawaka. Haijali kama kuna sauti au hakuna. Mstari wa haihati ulikuwa mtupu, na taa yake inamemetuka vizuri tu, kwa mdundo.

Kumbe Shemeji anasikiliza kwa macho!

Ndiyo maana ya kiti. Ndiyo maana ya kugombania skrini. Ndiyo maana ya mapigo yaliyogonga dari. Sauti nene bado anazisikia, kiki haimpiti, lakini zile nyembamba zimemkimbia, na yeye anazifukuza kwa fimbo. Mimi wiki nzima namcheka.

Nimehuzunika. Nasema wazi, humu hakuna anayesoma. Nampenda Shemeji. Nilipofika hapa na begi moja na kompyuta mbovu, yeye ndiye aliyenipa chumba hiki cha nyuma, akabandika trei za mayai ukutani kwa mkono wake ili nipige kelele nitakavyo.

Kisha nikamfikiria dada. Na balbu. Na sauti yake ya maktaba.

Nimwambie? Nikimwambia kabla Shemeji hajasema mwenyewe, nimemvua nguo mbele ya mkewe. Nisipomwambia, dada anafunga begi kwa kosa ambalo halipo.

Jumatatu, 11 Machi

Leo nimemtolea Shemeji uvivu. Kwanza lakini nilifanya ushenzi: nilisimama nyuma yake nikasema kwa sauti ya chini kama ya dada, “Shem, nimeunguza shati lako la jukwaani.” Shati analolipenda kuliko sisi sote! Akaendelea kufunga kamba za viatu. Nikaona aibu. Nikazunguka mbele.

“Ile ya jana haikuwa na haihati,” nikamwambia. “Nilikosea nafasi.”

Akanitazama muda mrefu. Kisha akacheka. “Na mimi nilikuwa nakutania. Ulifikiri nini?” Uso mkavu kabisa. Akainama tena kwenye viatu, akafunga kamba ambayo ilikuwa tayari imefungwa. Halafu, bila kuinua kichwa:

“Nani mwingine amesikia?”

Nikamwambia hakuna. Akashusha pumzi. Nikamuuliza kwa nini haendi kwa daktari wa masikio. Akasema anajua atakachoambiwa: aache ngoma. Na mpiga dramu asiyepiga ni nani? Mtu tu mwenye mikono.

Baadaye akachangamka, akaja na mpango. Kesho Kiongozi atakaa ubavuni kwa skrini, yeye atakaa na mimi upande wa pili. Kiongozi akiuliza habari ya haihati, nimkanyage yeye Shemeji mguu chini ya meza. Mara moja, inatosha. Mara mbili, iongezwe. Nikamwambia mimi nina uzito wangu, ataondoka hapa anachechemea. Akasema bora mguu kuliko jina.

“Na dada yako asijue. Atajiona ameolewa na kizee.”

Nilitaka kumwambia kwamba dada anajiona ameolewa na mtu asiyemtaka. Ilinifika kwenye ulimi. Lakini alikuwa ananitazama mdomo kwa makini, anangoja jibu, na mimi nikaitikia. Sawa. Sitasema.

Mjinga mimi.

Jumanne, 12 Machi

Naandika jikoni, haraka haraka, kitabu juu ya kaunta.

Shule zimefungwa, na dada ameamkia kufunga begi. Ameliweka kando ya mlango wa chumbani, wazi, ili kila apitaye alione. Shemeji amelipita mara kadhaa leo. Ameliona, si kwamba hakuliona! Lakini ameshindwa kuuliza, na dada anangoja aulizwe. Wote wawili vichwa vigumu.

Mchana tukafanya mazoezi ya kukanyagana. Shemeji akaniambia nifunike zile taa, kwa sababu Kiongozi akishakaa pale yeye hataziona. Nikafunika kwa kipande cha karatasi. Nikabonyeza. Safari hii kila namba iko kwenye nafasi yake, nimehakikisha, na haihati nimeiacha vile alivyoipenda Jumanne iliyopita, kali kama kisu. Chumba kizima kinakatwa.

Yeye ameinama, anatazama mguu wangu.

Nami nilikuwa tayari kukanyaga, kweli. Lakini mlango ulifunguka na dada akasimama pale, mkono mmoja sikioni kwa ukali wa ile haihati. Mguu wangu ukagoma.

Shemeji akangoja. Akangoja. Mguu haukuja, basi kwake haihati haipo. Akasema, “Haihati imekatika. Hebu tazama namba zako, shem.”

Dada akatazama spika. Akanitazama mimi. Ningeweza kudanganya, ningesema ni utani wetu, na dada angeamini, maana ndivyo walivyotuzoea. Nikauvuta mguu wangu chini ya kiti.

Akamwita mumewe. Jina lake la nyumbani, kwa sauti yake ileile ya chini. Shemeji bado anatazama mguu wangu. Akamwita tena. Kisha akazunguka meza taratibu, akachuchumaa mbele yake mpaka nyuso zikawa sawa, akauliza, “Unanisikia?”

Shemeji akamtazama. Akanitazama mimi, akajua sikusema. Akajitazama mikono.

“Tangu mwaka jana,” akasema.

Nikazima muziki, nikatoka.

Sasa dada anaongea kwa sauti ya darasani. Naisikia mpaka huku, majirani nao wanaisikia bila shaka. Si ugomvi. Anauliza, anajibiwa, anauliza tena. Neno zima zima, polepole. Kuna mahali amesema, “Mimi nilidhani umenichoka!” Halafu Shemeji ameanza kuongea na bado hajanyamaza.

Honi! Kiongozi yuko getini. Amefika mapema, bila shaka, watu wa muziki huchelewa siku zote isipokuwa leo.

Nimechukua funguo. Dada ametokea jikoni, macho mekundu, ananiona nazo.

“Mwache kwanza.”

“Ana haraka, dada. Atapiga simu kwa yule mwingine.”

“Nimesema mwache.” Amechukua glasi ya maji. “Bado ananisimulia.”

Na kweli, humo ndani Shemeji anaongea tu, peke yake. Nadhani ameinamisha kichwa na hajui kama dada ametoka. Honi tena, ndefu zaidi. Dada amerudi chumba cha nyuma na maji, mlango ameuacha wazi. Simu yangu inaita, ni Kiongozi. Funguo ziko mkononi.